Jimi Hendrix: mpiga gitaa aliyelegeza nyuzi na pikapu zake akaziacha vile vile

MUSCAT – Katika makala yetu ya leo ya maisha ya watu mashuhuri tunamwangalia mpiga gitaa Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi aliyefariki dunia tarehe 18 Septemba mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 27 tu. Mengi yamekwisha kuandikwa juu yake, hasa juu ya gitaa alilolichoma moto jukwaani. Sisi tumependa kumtazama kwa upande ambao hauzungumzwi sana, nao ni upande wa nyuzi zake. Hendrix alizilegeza nyuzi zikashuka chini ya kipimo cha kawaida, na wakati huo huo akaendelea kutumia pikapu ambazo leo vijana wengi huambiwa kwamba hazifai kwa kazi hiyo.

Kwa wasiofahamu, pikapu ni kile kipande chenye sumaku na waya kilichokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndicho kinachonasa mtikisiko wa uzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Bila ya pikapu, gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi.

Tumeona jambo hili lina faida kwa sababu hapa Muscat, kama ilivyo katika miji mingine, wapo vijana wetu wanaopenda muziki mzito unaopigwa kwa nyuzi zilizoteremshwa. Swali lao la kwanza huwa ni lile lile: ninunue pikapu gani? Seti nzuri ya pikapu inaweza kufikia bei ya gitaa zima la kuanzia, na kwa kijana anayetegemea posho ya mzee wake hilo si jambo dogo. Wapo wanaoliuza gitaa zuri kwa hasara kwa kuamini kwamba pikapu zake haziwezi kuhimili sauti ya chini. Maisha ya Hendrix yanaweza kuwaokoa wengine na hasara hiyo.

Aidha, kulegeza nyuzi si jambo geni kwetu. Mpiga udi, awe wa Muscat, wa Sur au wa Zanzibar, hufuata koo la mwimbaji. Mwimbaji akiwa na sauti nzito, au akiwa amechoka usiku huo, mpiga udi huviregeza vigingi kidogo na mambo yakaendelea. Huo ndio ulikuwa mwendo wa Hendrix.

Jimi Hendrix alizaliwa tarehe 27 Novemba mwaka 1942 mjini Seattle, kaskazini magharibi mwa Marekani. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa Johnny Allen. Baba yake, Al Hendrix, alikuwa jeshini wakati huo, na aliporudi alimbadilisha jina mwaka 1946 akamwita James Marshall. Mama yake, Lucille, alijifungua akiwa na miaka 17. Nyumba haikuwa na utulivu. Wazazi waliachana mwaka 1951 na mama akafariki dunia mwaka 1958, mtoto akiwa na miaka 15.

Fedha za kununulia ala hazikuwepo. Siku moja, akimsaidia baba yake kuondoa takataka katika nyumba ya watu, aliokota ukulele, yaani kigitaa kidogo, kilichobakiwa na uzi mmoja tu. Huo uzi mmoja ndio uliomfundisha kutafuta sauti kwa masikio. Baadaye alipata gitaa la kawaida kwa dola 5, na mwaka 1959 baba yake akamnunulia gitaa la kwanza la umeme, aina ya Supro. Halikudumu mikononi mwake. Aliliacha nyuma ya jukwaa likaibwa.

Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba Hendrix alitumia mkono wa kushoto. Magitaa ya watu wa mkono wa kushoto yalikuwa adimu, kwa hiyo alichukua gitaa la mkono wa kulia, akalipindua juu chini na kuzipanga nyuzi upya. Tutaona hapa chini kwamba jambo hilo lilibadilisha hata namna pikapu zilivyosikia nyuzi zake.

Mwaka 1961 alikamatwa mara mbili akiwa ndani ya magari ya wizi, akapewa hiari ya kwenda jela au kuingia jeshini. Aliingia jeshini, akawa askari wa miavuli katika kikosi cha 101 kilichokuwa Fort Campbell, Kentucky. Huko alikutana na mpiga besi Billy Cox, ambaye alibaki rafiki yake hadi mwisho. Mwaka 1962 aliachishwa jeshi, na tangu hapo gitaa likawa ndilo riziki yake.

Miaka minne iliyofuata ilikuwa ya shida. Alipiga gitaa nyuma ya waimbaji wakubwa, miongoni mwao Isley Brothers na Little Richard, katika kumbi za watu weusi za mashariki na kusini mwa Marekani. Mshahara ulikuwa mdogo na kazi haikuwa na uhakika. Mwaka 1966 alikuwa New York akipiga katika mkahawa wa Cafe Wha?, pale Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa kundi la Animals la Uingereza, alipomsikia. Chandler alimchukua, na tarehe 24 Septemba mwaka huo wakatua London.

London ilimpokea kwa mshangao. Kundi lake, Jimi Hendrix Experience, lilikuwa na watu watatu tu: yeye mwenyewe, Noel Redding kwenye besi, na Mitch Mitchell kwenye ngoma. Albamu yao ya kwanza ilitoka Mei 1967. Mwezi Juni mwaka huo alirudi nyumbani kupiga katika tamasha la Monterey, California, na huko ndiko alikolichoma moto gitaa lake mbele ya umati. Kuanzia siku hiyo Wamarekani walimjua.

Sasa tuziangalie zile nyuzi. Albamu ya kwanza ilipigwa zaidi katika kipimo cha kawaida. Kuanzia albamu ya pili, Axis: Bold as Love, iliyotoka Desemba 1967, Hendrix alizoea kuziteremsha nyuzi zote sita kwa nusu sauti. Uzi mnene kabisa wa gitaa, ambao kwa kawaida hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde, kwake ulitikisika mara 78 hivi.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa koo lake. Hendrix hakuipenda sauti yake mwenyewe. Aliona haya kuimba, hata studio alitaka afichwe nyuma ya pazia la mbao wakati wa kurekodi. Gitaa likishuka nusu sauti, mwimbaji hupumua. Sababu ya pili ilikuwa vidole vyake. Uzi ulioteremshwa nusu sauti hupoteza kiasi cha asilimia 11 ya mkazo wake, na uzi uliolegea ni rahisi kuusukuma kando kwa kidole hadi ukalia kama mtu. Mlio huo wa kuvuta ndio uliompa jina. Tena alitumia nyuzi nyembamba: ule wa juu ulikuwa na unene wa inchi 0.010, na ule mnene kabisa inchi 0.038.

Gitaa lake kubwa lilikuwa Fender Stratocaster. Gitaa hilo lina pikapu tatu, kila moja ikiwa na koili moja: sumaku sita ndogo, moja chini ya kila uzi, zimezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Mizunguko ikiwa michache, umeme ni mdogo lakini sauti husikika safi, kila uzi peke yake. Mizunguko ikizidi, nguvu huongezeka, na wakati huo huo ule mng'aro wa juu hupungua na sauti ya katikati hunenepa. Pikapu za Hendrix zilikuwa za nguvu ndogo, zile zile zilizotoka kiwandani.

Kosa la pikapu za koili moja linajulikana: zinavuma. Zinanasa umeme wa nyumba pamoja na sauti ya nyuzi. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, alitengeneza pikapu ya koili mbili zilizopangwa kwa namna ambayo mvumo wa koili moja huuua mvumo wa nyingine. Hendrix alizijua pikapu hizo na hakuzidharau. Alikuwa na magitaa ya Gibson Flying V yenye koili mbili, na aliyashika alipotaka kupiga blues nzito. Hata hivyo, kila alipomaliza alirudi kwenye Stratocaster.

Hapa ndipo ule ushoto wake unapoingia. Pikapu ya Stratocaster iliyo karibu na daraja imekaa mshazari. Kwa mtu wa mkono wa kulia, ncha yake ya upande wa nyuzi nyembamba iko karibu zaidi na daraja, na ncha ya upande wa nyuzi nene iko mbali. Hendrix alipolipindua gitaa, mambo yaligeuka. Nyuzi nene zilinaswa karibu na daraja, mahali ambapo uzi hautikisiki sana na sauti yake ni kavu na ya kubana. Nyuzi nyembamba zikanaswa mbali kidogo, sauti ikawa ya mviringo na haikuchoma masikio. Kwa mtu aliyelegeza nyuzi hiyo ilikuwa neema, kwa sababu hatari kubwa ya nyuzi zilizolegea ni uzi mnene kuvurugika na kuwa kama uji. Mpangilio huo aliupata kwa sababu ya kukosa gitaa la mkono wake.

Nguvu ambayo pikapu hazikumpa aliipata mbele ya gitaa, katika pedali za kukwaruza sauti na amplifaya kubwa za Marshall zilizofunguliwa hadi mwisho. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Uzito wa sauti ya Hendrix ulizaliwa mbele ya gitaa, na kazi ya pikapu ilikuwa kupeleka habari ya uzi bila ya kuipotosha.

Mwenzake wa Uingereza, Tony Iommi wa kundi la Black Sabbath, alifika mbali zaidi kwa njia nyingine. Mwaka 1965 mashine ya kiwandani mjini Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao kwake yeye, akiwa mtu wa kushoto, ndio unaobonyeza nyuzi. Ili asiumie alitafuta nyuzi laini, na katika albamu ya mwaka 1971 akaziteremsha kwa nusu sauti tatu katika baadhi ya nyimbo. Muziki mzito wa leo unatokana kwa sehemu kubwa na maumivu ya vidole vile.

Turudi kwa Hendrix. Albamu yake ya tatu, Electric Ladyland, ilitoka Oktoba 1968. Tarehe 18 Agosti 1969, asubuhi ya Jumatatu, alifunga tamasha la Woodstock huku wengi wa waliohudhuria wakiwa wamekwisha kuondoka. Alipiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa tupu, na ndani yake watu wakasikia milio ya mabomu na ndege za vita vya Vietnam. Sauti zote hizo zilitoka kwenye Stratocaster nyeupe yenye pikapu za kawaida na nyuzi zilizolegezwa nusu sauti. Gitaa hilo leo limehifadhiwa katika makumbusho mjini Seattle, mji aliozaliwa.

Mwaka wake wa mwisho ulikuwa wa kazi nyingi na uchovu. Alijenga studio yake mwenyewe New York, Electric Lady, iliyofunguliwa rasmi tarehe 26 Agosti 1970. Hakuifaidi. Siku tano baadaye alikuwa jukwaani katika kisiwa cha Wight, Uingereza, na tarehe 6 Septemba alipiga onyesho lake la mwisho katika kisiwa cha Fehmarn, Ujerumani. Siku kumi na mbili baada ya hapo alifariki dunia mjini London. Alikuwa amemeza dawa za usingizi kupita kiasi, akatapika na kukosa pumzi. Alizikwa Renton, jirani na Seattle, tarehe 1 Oktoba. Hakuacha wasia, na kesi juu ya mali na nyimbo zake ziliendelea miaka mingi hadi baba yake alipozipata haki hizo mwaka 1995.

Katika mwaka huo huo wa 1970 Oman nayo ilikuwa ikianza ukurasa mpya. Sultan Qaboos alishika madaraka tarehe 23 Julai, na Redio Oman ikaanza kurusha matangazo mwaka huo. Ndugu zetu wengi waliotoka Zanzibar na mwambao walikuja kuishi hapa katika miaka iliyofuata, wengine wakibeba santuri na kanda zao. Wajukuu wao ndio leo wanaolitafuta gitaa la umeme.

Je, mjukuu huyo afanye nini? Kutokana na maisha ya Hendrix tunaona mambo manne.

Kwanza, ajue anashuka kiasi gani. Nusu sauti au sauti moja haihitaji pikapu mpya. Ukishuka sauti moja, mkazo hupungua kwa asilimia 20 hivi, na gitaa lolote zima linaweza kuhimili. Ukishuka sauti mbili nzima, mkazo hupungua kwa asilimia 37, na hapo dawa ya kwanza ni nyuzi nene. Uzi wa inchi 0.010 utahitaji kuwa karibu 0.0126 ili ukaze kama ulivyokuwa. Pikapu ya bei yoyote haiwezi kuukaza uzi uliolegea. Urefu wa gitaa nao una kazi: nyuzi za Fender zina urefu wa inchi 25.5 na za Gibson nyingi inchi 24.75, na kwa uzi ule ule na sauti ile ile, la kwanza hukaza kwa asilimia 6 zaidi.

Pili, kabla ya kununua pikapu, ateremshe ile aliyo nayo. Uzi uliolegea huyumba sana, na sumaku ikiwa karibu huuvuta hadi sauti ikapinda. Kwa pikapu za koili moja, mwanzo mzuri ni milimita mbili na nusu chini ya uzi mnene na mbili chini ya uzi mwembamba, nyuzi zikiwa zimebanwa kwenye freti ya mwisho. Kisha ashushe kidogo kidogo upande wa nyuzi nene huku akisikiliza. Kazi hiyo inataka bisibisi tu.

Tatu, ikiwa ni lazima anunue, asidanganywe na neno nguvu. Wengi hukimbilia pikapu zenye waya mwingi kupita kiasi, na matokeo yake nyuzi za chini husikika kama mtu anayesema akiwa amefunika mdomo. Kwa sauti ya chini tafuta uwazi: koili mbili zenye mizunguko ya wastani, au zile za betri ambazo koili yake ina nguvu ndogo na kuzidishwa ndani ya pikapu yenyewe. Nguvu iliyobaki iachiwe amplifaya.

Nne, azingatie mahali alipo. Umeme wa Oman, kama wa Tanzania na Kenya, hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake hutokea kwenye 50 na 100. Uzi ulioteremshwa sana hulia kwenye 60 na kitu, katikati ya mivumo hiyo miwili. Ndiyo maana katika nyumba zenye viyoyozi na taa za mirija pikapu ya koili moja huweza kuchafua zaidi kadiri unavyoshuka, na hapo koili mbili zina haki ya kupendelewa. Hendrix aliuvumilia mvumo kwa sababu alipiga kwa sauti kubwa mno; kijana anayepiga chumbani na majirani upande wa pili wa ukuta hana nafasi hiyo. Tena gitaa lisiachwe ndani ya gari wakati wa joto la Muscat. Mbao hupinda, na hakuna pikapu itakayolisaidia.

Hendrix aliishi miaka 27, na minne tu ya mwisho kati ya hiyo ndiyo aliyojulikana na dunia. Alianza na uzi mmoja uliookotwa katika takataka, akatumia gitaa lililotengenezwa kwa mkono wa mtu mwingine, na sauti aliyoionea haya ndiyo iliyomfanya alegeze nyuzi. Kijana mwenye gitaa la kawaida na bisibisi tayari anavyo vya kutosha kuanzia.